Fundi Haulizi

Ukitoka Kaptembwo kuelekea mjini, kabla hujafika stejini, utaona duka la vifaa vya ujenzi la Dharmesh, na ubavuni mwake kibanda cha mabati cha fundi wa baiskeli. Mbele ya kibanda kumelazwa gogo zito la reli juu ya rimu mbili za lori. Gogo hilo ndilo bunge la mtaa, ndilo mahakama, na siku za mvua ndilo kanisa. Juu ya mlango pameandikwa kwa rangi nyekundu: FUNDI HAULIZI. Mwandishi ni mwenye kibanda, Kibii, ambaye wote humwita Injinia, na ambaye tangu ashike spana hajawahi kumuuliza mtu chochote isipokuwa saa. Pembeni hukaa Wangare na jiko lake na birika la kahawa chungu. Anatia kitu fulani katika kahawa hiyo kinachoifanya ikae kooni hadi jioni, na watu wamebishana kukihusu mpaka wakachoka. Kibii hushikilia kwamba ni karafuu. Desturi ya gogo ni moja: kikombe cha mwisho hakiuzwi. Hupewa aliyeshinda ubishi wa siku hiyo, na kwa miaka kumi na moja, siku nyingi aliyekinywa ni Kibii.

Alhamisi hiyo, saa tisa na nusu, ubishi ulirudi ukiendesha baiskeli.

— Imemezwa tena! — Kiarie alipiga kelele kabla hajashuka. — Ile alama ya tipeksi siioni. Nimeenda tu hadi kwa poshomili na kurudi, saa hii magoti inanigonga kidevu.

Kiarie ni mwendesha boda boda, lakini jina lake la gogoni ni Netiweki, kwa sababu kila jambo yuko karibu kulitafuta kwenye simu na kila mara bandoz za intaneti zimemwishia.

Kibii alichuchumaa, akatazama paipu ya kiti inapoingia kwenye fremu. Asubuhi alikuwa amechora mstari mweupe pale pale mdomoni mwa fremu. Sasa mstari ulikuwa umezama ndani vidole vitatu.

Baiskeli ilikuwa ya Chepkirui, binti anayesambaza maziwa mtaani asubuhi na kufanya mazoezi jioni. Mwaka jana alishika nafasi ya nne kwenye mbio za barabara za vumbi kule Longonot, akiwa juu ya baiskeli nzito ya chuma aliyoazima. Wanaochukuliwa kwenye timu ni watatu wa kwanza. Mwaka huu akaapa kwamba hatashindwa na chuma cha watu. Akaagiza fremu ya kaboni moja kwa moja kutoka kiwandani China, kwa simu yake mwenyewe, akangoja wiki saba, na boksi lilipofika akalibeba kichwani hadi kwa Kibii. Ndani mlikuwa na fremu nyeusi isiyo na jina, nyepesi kuliko pakiti ya unga. Mbio zilikuwa Jumamosi. Chepkirui alikuwa anakuja kuchukua baiskeli yake leo, saa kumi na moja.

Na Kibii alikuwa ameiunda. Siku nne nzima. Nyaya za breki zilitakiwa kupita ndani ya fremu, mahali ambapo hata kidole hakiingii, na yeye akazivuta kwa uzi wa nailoni na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio. Bunge lilisimama likapiga makofi. Magurudumu yalizunguka bila kulia. Breki zilishika. Kila kitu kilikuwa sawa ila paipu ya kiti, ambayo ukiikalia inashuka taratibu, bila kelele, kwa adabu zake zote.

— Mimi nasema ni joto, — alianza Khisa. Huyu ni mzee mstaafu wa reli, na jina lake ni Bunge kwa sababu akisimama kusema hakai. — Chuma ya reli ikipigwa na jua inarefuka. Hiyo nimeona kwa macho yangu Longonot stesheni, miaka ishirini na mbili. Sasa hii si chuma. Kwa hivyo jua likiipiga inafanya kinyume. Inafupika.

— Bunge, haifupiki. Inaingia ndani, — Kiarie alimpinga.

— Kuingia ndani ndiko kufupika kwenyewe. Kinyume cha mambo ndiyo mwanzo wa mambo.

— Hiyo ni methali ya wapi?

— Ya reli.

Micah akakohoa, akaweka kikombe chini. Micah ana duka la dawa za mifugo upande wa pili wa barabara, na tangu amchome sindano ng'ombe wa mchungaji akapona, amekuwa Daktari.

— Nyinyi mnaongea kama watu hawajasoma, — alisema Daktari. — Hii kitu imetoka China, pahali pa chini, kando ya bahari. Nakuru tuko juu. Ng'ombe wa gredi ukimleta huku kutoka chini, wiki ya kwanza analegea magoti. Si ugonjwa, ni hewa. Fremu imelegea magoti tu. Mpe wiki mbili na chumvi.

— Mbio ni Jumamosi, Daktari.

— Basi haraka haraka haina baraka. Ipewe chumvi leo.

— Ni Menengai, — alikata Kiarie. — Wasee, mnasahau tunakaa na volkeno hapo juu. Chini kuna sumaku kubwa inavuta vitu. Hata mimi nikipanda na boda naskia nikivutwa.

— Kaboni haivutwi na sumaku, — Khisa alimwambia.

— Si ndio maana inavutwa polepole! Ingekuwa chuma ingekuwa imefika kitambo.

Wangare, aliyekuwa akipepea jiko kwa kipande cha katoni, aliguna. Wangare huguna tu. Hakuna anayejua anachokubali na anachokataa.

— Injinia, lakini wewe mikono yako siku hizi! — Khisa alisema, akabadilisha mada kama kawaida ya anayeshindwa. — Safi kama ya karani wa benki. Kwani umeacha kazi?

Kibii alinyoosha mikono yote miwili ili waione. Kweli ilimeta. Hata kucha zilikuwa nyeupe.

— Ni ile sabuni ya Mchina, — alisema. — Ile ilikuwa kwa kapakiti ndani ya boksi, imekaa kama ya tomato sosi. Wenzetu wanafikiria, Bunge. Wanajua fundi akiunda atachafuka, wanamwekea sabuni. Tena si sabuni ya mchezo, ina mchanga ndani. Unasugua hivi, grisi ya miaka thelathini inatoka yenyewe.

— Hata mimi ulinionjesha, — alikumbuka Micah. — Ilitoa rangi ya dawa ya kupe.

— Ndiyo hiyo.

Mikono ilikuwa safi, lakini moyo wa Kibii haukuwa umetulia hata kidogo, na yeye mwenyewe alijua. Jana jioni Chepkirui alipita kuona kazi. Alikalia baiskeli, ikashuka naye, akashuka kimya.

— Fundi, niwaulize wale wa kiwanda? Nina namba yao.

— Uulize nini? Soma hapo juu ya mlango.

— Na isiposhika?

— Basi kipimo chao ndio kibaya. Lakini kesho saa kumi na moja utaikuta imeshika. Hiyo ni ahadi yangu.

— Sawa, — alisema Chepkirui. — Ikikataa nitaenda tu na ile ya chuma.

Alilisema hilo bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ndilo lililomchoma Kibii. Msichana alikuwa ameanza kuizoea nafasi ya nne.

Sasa Kibii alisimama, akajipangusa magoti.

— Nimewasikia wote, — alisema. — Joto, hewa, volkeno. Sasa sikizeni fundi. Hii kitu haijakazwa ya kutosha.

— Lakini ulikaza jana mpaka ikalia, — Kiarie alimkumbusha. — Ikafanya *tik*.

— Ilifanya *tik* kwa sababu ilikuwa inakubali.

— Mimi pia nina neno moja la mwisho, — alisema Khisa, ambaye maneno yake ya mwisho huwa manne. — Hii fremu haina jina. Umewahi kuona kitu kizuri hakina jina? Hata mbuzi ana jina. Kisicho na jina ni cha siri. Kaboni ndio inatengeneza ndege za vita, hiyo kila mtu anajua. Hii ilikuwa mguu wa ndege. Ndege ikishapaa inafanya nini?

Kiarie alitazama angani.

— Inakunja miguu! — alijijibu Khisa. — Sasa Netiweki akipanda, akishika mwendo, fremu inajua tumepaa. Inakunja.

— Ai, Bunge, — Micah alisema kwa heshima ya kweli. — Hiyo hata mimi sikuwa nimefika.

— Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, — aliongeza Kiarie. — Labda kiti kinatafuta kitu huko chini.

Ubishi ulikuwa umepanda mahali pazuri, na siku nyingine Kibii angeuongezea kuni. Leo alitazama saa ya Micah. Saa kumi kasoro. Akaingia dukani kwa Dharmesh, akatoka na drili na waya mrefu.

— Kibii! — sauti ya Dharmesh ilimfuata kutoka kaunta. — Ukivunja biti, nunua. Biti mpya iko, lakini nunua.

— Haivunjiki. Hii ni laini.

— Unataka kufanya nini? — Micah aliuliza.

— Kile nimefanya kwa baiskeli za Black Mamba mia moja, — alisema Kibii. — Paipu ikikataa kushika, natoboa shimo hapa, linapita fremu na paipu, upande huu mpaka ule. Naingiza bolti, nafunga nati. Nionyesheni kitu kitashuka hapo.

Bunge zima likapumua. Ilikuwa suluhu ya kiume, yenye bolti na kelele.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, — alisema Micah kwa kuidhinisha.

— Daktari, hapa anatoboa, hazibi chochote.

— Ni kitu kimoja, Netiweki. Ufa ni ufa.

Kibii akachora alama ya msalaba kwa tipeksi ubavuni mwa fremu nyeusi. Mkono wake ulikuwa thabiti. Ndani yake, lakini, kulikuwa na sauti ndogo ikimwambia kwamba chuma ukikitoboa vibaya unakichomelea, na hii hajui inachomelewa na nini. Alijua pia ni nani wa kumuuliza: namba ilikuwa kwenye simu ya Chepkirui. Akainyamazisha ile sauti kwa kuchomeka waya wa drili.

Wakati huo huo mama mmoja alitoka dukani kwa Dharmesh. Alikuwa na leso kichwani na gumbuti za shamba miguuni, na mfuko wa gunia begani.

— Hamjambo wazee.

— Hatujambo, mathe.

— Wananichongea mpini wa jembe hapo ndani. Naweza kukaa? Nimetoka kumtunza binti yangu amejifungua, sasa narudi Bahati, na miguu imekataa.

Wakamsogezea nafasi, akakaa mwisho wa gogo.

— Na hiyo kahawa, inauzwa?

— Imebaki kikombe kimoja, — Wangare alisema. — Na hicho kina mwenyewe, nisamehe.

— Haidhuru.

Kibii aliinua drili. Aliiwasha mara moja hewani, ikanguruma, akaizima. Kisha akavuta paipu ya kiti juu, mpaka mstari wa tipeksi ukatokea tena, ili atoboe ikiwa mahali pake. Paipu ilitoka ikimeta, imepakwa grisi nzito ya rangi ya asali. Mama akainama kutazama.

— Fundi, — alisema, — hiyo inafaa iteleze?

— Hapana, mathe. Inafaa ishike. Ndio hii inatusumbua tangu Jumatatu.

— Na mbona mmeipaka mafuta?

Khisa akacheka kidogo. Kibii naye akatabasamu, kwa sababu hapa palikuwa nyumbani kwake. Nusu ya maisha yake ameitumia kugonga kwa nyundo paipu zilizogandia ndani ya Black Mamba kwa sababu fundi mvivu hakupaka grisi. Kwake grisi ni kama sala kabla ya chakula: hujui inafanya nini hasa, lakini huwezi kula bila.

— Mathe, grisi ndio ufundi, — alimweleza. — Paipu bila grisi itashika kutu humo ndani. Mwaka ukiisha, hata ukiita trekta haitoki.

Mama akatikisa kichwa taratibu, kuonyesha amesikia. Akanyoosha kidole, akaigusa fremu, kisha akaigonga kwa ukucha. Ikatoa sauti kavu.

— Na hii nayo hushika kutu?

Kiarie alimtazama Khisa. Khisa alimtazama Micah. Micah alifungua mdomo, akakumbuka hana dawa ya swali hilo, akaufunga. Drili ilikuwa bado mkononi mwa Kibii, biti ikigusa katikati ya msalaba mweupe.

— Mimi nauliza tu, — mama alisema, akiona amewatia mashakani. — Mambo ya baiskeli siyajui. Lakini mpini wa jembe nikiupaka mafuta ndio uingie vizuri, siku ya kwanza jembe litanirukia mguuni. Sisi tunaupaka maji, na ukilegea tunautia mchanga kidogo na kitambaa.

Kijana wa Dharmesh akaita kutoka mlangoni kwamba jembe liko tayari. Mama akasimama, akaaga, akaenda kulichukua.

Kibii alichomoa waya wa drili. Alifanya hivyo polepole, kisha akaiweka drili chini kana kwamba ina usingizi.

— Bunge, — alisema. — Umesema mambo ya reli tangu asubuhi. Mvua ikinyesha kwa kilima pale Longonot, gari moshi linapandaje?

Khisa alishtuka. Miaka kumi na moja ameeleza mambo ya reli na hakuna aliyewahi kuomba.

— Dereva anamwaga mchanga, — alijibu, sauti ikiwa chini kuliko kawaida. — Kuna tangi yake. Anamwaga mchanga kwa reli, mbele ya gurudumu, ndio gurudumu lishike.

— Mchanga, — alirudia Kibii.

— Ile sabuni… — alianza Micah, akaishia hapo.

Wote walitazama mikono ya Kibii. Kibii mwenyewe aliitazama, pande zote mbili, mikono safi kuliko yote katika Kaptembwo. Siku tatu alikuwa amenawa mikono kwa dawa ya kushikisha paipu. Tena akajivuna nayo, tena akawagawia wenzake.

— Netiweki, — alisema, — kwa boksi kuna kile kibandiko cha viboksi vyeusi, cha kupiga picha na simu. Kinasemaje?

— Injinia, unajua bandoz…

Wangare alitoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, akamnyooshea Kiarie bila kusema lolote. Kumbe alikuwa na bandoz wiki nzima. Kiarie akapiga picha, akangoja, akatazama kioo, uso ukamshuka.

— Kuna picha ya paipu, — alisema. — Kando yake kuna mkebe wa grisi umepigwa alama nyekundu ya X. Halafu kuna kale kapakiti. Kamepigwa tiki. Halafu mkono umeshika spana na vidole viwili tu.

— Vidole viwili, — alisema Kibii. Alikumbuka ile *tik* ya jana, akaipitishia taa sehemu yote ya juu ya fremu, akitafuta ufa. Aliangalia mara tatu. Hakukuwa na ufa. Kilicholia ni nati ndogo ya kubania, iliyokuwa imelika meno. Alimshukuru Mungu kwa Kikalenjin, kwa sauti, mbele ya watu.

Kuanzia hapo gogo lilifanya kazi ambayo halijawahi kufanya. Micah alivuka barabara mbio na kurudi na chupa ya spiriti na pamba. Khisa alishika fremu ikiwa imepinduliwa, huku Kibii akisugua ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kiarie alichakura pipa la taka akakipata kile kipakiti, kimekunjwa, kimekauka mdomoni. Kibii akakipasua kwa wembe ubavuni na kukwangua. Kilichobaki kilikuwa kama nusu kijiko cha chai. Akakipaka kwa kidole, pembamba, pande zote, asipoteze hata chembe. Kisha akaweka nati nyingine, akaikaza kwa vidole viwili, akaacha, ingawa mkono wote ulimwasha ukitaka kuongeza.

Chepkirui alifika saa kumi na moja kasorobo, kofia ya baiskeli imening'inia kiwikoni. Alikuwa amekuja na ile ya chuma. Kibii aliona hivyo, na ikamuuma.

— Panda, — alimwambia.

Chepkirui akapanda. Alienda hadi poshomili, akageuka, akarudi akipita makusudi kwenye kila shimo na kila jiwe, akaruka mtaro wa maji mbele ya duka na kutua kwa kishindo. Alipofika, watu wanne waliinama kwa pamoja chini ya kiti chake. Mstari wa tipeksi ulikuwa pale pale, haujazama hata upana wa unywele.

Akacheka. Kibii hakuwa amewahi kumwona akicheka.

— Sasa ilikuwa nini, Fundi? Kipimo chao?

Neno lilikuwa limetandikwa tayari, kazi ni kulilalia tu. Ndiyo, kipimo. Hakuna ambaye angelipinga. Khisa alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Kibii akajikuna shingo.

— Kipimo chao kiko sawa, — alisema. — Kosa ni langu. Nilipaka grisi pahali haifai. Na dawa ya kushikisha nilinawa nayo mikono. Kama si mathe mmoja kupita, ungekuta nimetoboa shimo hapa.

Chepkirui akautazama ule msalaba mweupe. Akaugusa kwa kidole. Kicheko kilikuwa kimeisha.

— Hapa?

— Hapo.

— Na ungetoboa, ungeniambia?

Kibii alitaka kujibu haraka, kama desturi yake. Akaitazama drili pale chini.

— Nimekuambia sasa, — alisema.

Chepkirui akatemea mate kitambaa, akafuta msalaba mpaka ukatoka, akavaa kofia.

— Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi uwe Longonot na spana zako, — alisema. — Sitaki fundi mwingine aishike. Na ile ya chuma ibaki hapa, siihitaji.

Akaondoka kwa baiskeli nyeusi isiyo na jina, akiwa ameinuka vizuri juu ya kiti, na bunge likamsindikiza kwa macho mpaka kona.

Wangare akainamisha birika. Kikombe cha mwisho kikajaa, matone mawili yakafuata, birika likakauka.

— Ya leo ni ya nani? — aliuliza.

Khisa alitazama viatu vyake. Micah alikuwa akisoma chupa ya spiriti. Ng'ambo ya barabara, stejini, yule mama wa Bahati alikuwa angali amesimama na jembe lake jipya, anangoja gari. Kibii, ambaye hajawahi kumpelekea mtu kahawa, alikichukua kikombe kwa mikono miwili, akavuka barabara akikilinda kisimwagike.

— Mathe, shika. Hii ni yako.

— Si ilisemekana ina mwenyewe?

— Mwenyewe ni wewe. Ile kitu imeshika.

Mama akapokea, akapuliza, akaonja. Akaonja tena, akaitazama ndani ya kikombe.

— Hii kahawa si ya kawaida, — alisema. — Huwa anaweka nini?

Kibii alifungua kinywa. Karafuu ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi, na uhakika wake wote wa miaka kumi na moja. Akaimeza. Akageuka kuelekea kibandani, akaweka viganja safi mdomoni, akaita kwa sauti iliyosikika hadi kwa Dharmesh:

— Wangare! Kwani huwa unaweka nini kwa hii kahawa?

Kwenye gogo vichwa vitatu viliinuka kwa mkupuo. Wangare akasimama, birika tupu mkononi, akamtazama kutoka ng'ambo ile.

— Kumbe mdomo wa kuuliza unao! — alimjibu. — Miaka kumi na moja nangoja, Injinia. Njoo basi nikuambie.

Kibii akamwomba mama angoje kidogo, akavuka.